Je, ni kweli Chuo cha Berea hakijawahi kubagua? Jibu kwa mama mwenye binti anayeomba nafasi

*“Binti yangu anaomba nafasi katika Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, Marekani. Kwenye insha yake ameandika kwamba chuo hicho hakijawahi kumbagua mtu kwa rangi tangu kilipoanzishwa mwaka 1855. Kaka yangu anayeishi Louisville ameisoma akasema sentensi hiyo ifutwe haraka: ati Weusi walifukuzwa pale mwaka 1904, chuo kikatii bila kelele, na hawakurudi mpaka mahakama ilipolazimisha mwaka 1954. Nimejaribu kutafuta mwenyewe, na kila ninaposoma nakuta mengine. Kuna wanaotaja 1950. Kuna wanaosema chuo kilipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu. Nani mkweli? Na kama kweli waliwatoa Weusi, hapo ni mahali pa kumpeleka mtoto wangu?”*

Mama, binti na mjomba wake wamekamata kila mmoja kipande cha ukweli, na kila mmoja amekosea mahali. Binti ameamini sifa ya mwanzo wa chuo na kuivuta mpaka leo bila kukatika, ilhali kuna pengo la miaka 46 katikati. Mjomba analijua pengo, lakini amekosea jinsi lilivyoanza na jinsi lilivyokwisha. Insha haina haja ya kutupwa. Ina haja ya kurekebishwa, na ikirekebishwa vizuri itakuwa na uzito kuliko ilivyo sasa.

Tuanze na hiyo 1855, maana hata hapo pana kosa. Shule iliyofunguliwa mwaka huo ilikuwa chumba kimoja kilichotumika pia kama kanisa, na watoto waliosoma humo walikuwa Wazungu wa jirani. Mwanzilishi wake, John G. Fee, alikuwa mhubiri aliyezaliwa Kentucky katika familia iliyomiliki watumwa, akageuka kuwa mpinzani mkali wa utumwa. Ardhi alipewa na Cassius Clay, tajiri na mwanasiasa aliyekuwa naye akiupinga utumwa, ingawa baadaye walitofautiana: Clay alitaka utumwa uondolewe kwa njia za sheria, Fee alisema sheria inayomrudisha mtumwa aliyetoroka haistahili kutiiwa. Jina Berea limetoka katika Matendo ya Mitume sura ya 17, na katika sura hiyo hiyo ndimo ulimotoka msemo wa chuo, kwamba Mungu ameyaumba mataifa yote ya dunia kwa damu moja.

Nia ya kuwachanganya watu wa rangi zote ilikuwapo mapema. Katiba ya chuo ya mwaka 1859 ilitamka wazi kwamba taasisi itapinga umiliki wa watumwa na ubaguzi wa matabaka. Lakini nia ni jambo moja na mwanafunzi kukaa kwenye dawati ni jingine. Desemba ya mwaka huo huo, miezi miwili hivi baada ya John Brown, mpinzani wa utumwa, kushambulia ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuwachochea watumwa waasi, kundi la watu wapatao 60 wenye silaha lilifika Berea likawapa Fee na wenzake siku kumi waondoke jimboni. Gavana hakuwalinda. Wakaondoka.

Kentucky haikujiunga na majimbo yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa sababu hiyo utumwa uliendelea kuwa halali pale mpaka Desemba 1865, katiba ya nchi ilipobadilishwa. Wakati wa vita Fee alifanya kazi Camp Nelson, kambi ambako maelfu ya wanaume Weusi waliandikishwa jeshini na kupata uhuru wao kwa kuvaa sare. Aliwafundisha, akawaalika wao na familia zao wahamie Berea vita vitakapokwisha. Viwanja vya kijiji vilipangwa makusudi ili nyumba za Weusi na za Wazungu zichanganyike. Ndipo mwaka 1866 shule ikafunguliwa upya, na wanafunzi Weusi wakaingia kwa mara ya kwanza. Mwaka huo wa kwanza ilikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96 na Wazungu 91. Wapo Wazungu waliotoka siku Weusi walipoingia, na wengine kati yao walirudi baadaye.

Kwa hiyo tarehe sahihi ya Berea kama shule ya watu wa rangi zote ni 1866. Kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia hapo Weusi walikuwa nusu ya wanafunzi au zaidi. Julia Britton, mwanamke Mweusi ambaye baadaye alijulikana kama Julia Hooks, alifundisha muziki hapo miaka ya mwanzoni mwa 1870, jambo ambalo lilikuwa halisikiki katika jimbo lile. Carter G. Woodson, aliyeanzisha mwaka 1926 juma la historia ya Weusi ambalo leo ni mwezi mzima, alihitimu Berea mwaka 1903. Angechelewa mwaka mmoja, sheria ingemkuta ndani.

Sheria hiyo ndiyo kiini cha swali lako.

Januari 1904 mbunge mmoja wa Kentucky, Carl Day wa Kaunti ya Breathitt, alipeleka mswada wa kuzuia Weusi na Wazungu kusoma pamoja. Gavana Beckham aliutia saini mwezi Machi, na ukaanza kutumika Julai. Shule za umma tayari zilikuwa zimetengwa. Kifungu cha 187 cha katiba ya jimbo ya mwaka 1891 kilishaamuru hivyo. Kwa hiyo mswada wa Day, ingawa haukutaja jina la shule, ulikuwa na shabaha moja tu, kwa kuwa Berea ndiyo pekee iliyokuwa imebaki ikiwachanganya wanafunzi. Tennessee jirani ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 1901, na Chuo cha Maryville kikalazimika kuwatoa wanafunzi wake Weusi.

Vifungu vyake visome kwa makini, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kwa nini chuo hakingeweza kupuuza tu. Shule iliyopokea rangi zote mbili ilitozwa faini ya dola 1,000, na dola 100 kwa kila siku ya kuendelea baada ya hapo. Mwalimu aliyefundisha darasa la mchanganyiko alitozwa kiasi hicho hicho, kutoka mfukoni mwake. Mwanafunzi aliyehudhuria, dola 50 kwa siku. Na shule ikitaka kuwa na tawi la rangi nyingine, tawi hilo liwe umbali usiopungua maili 25, yaani kilomita 40 hivi. Piga hesabu ya muhula mmoja uone: taasisi iliyoishi kwa michango ingefilisika kabla ya Krismasi, na watoto wa wakulima wa milimani wangedaiwa fedha ambazo familia nzima haizipati kwa mwaka.

Je, chuo kilitii bila kelele? Hapana, na hapa mjomba amekosea. Rais wa chuo, William Goodell Frost, alikwenda Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, kuupinga mswada mbele ya wabunge. Sheria ilipoanza kutumika, chuo kilishtakiwa, kikatozwa dola 1,000 na mahakama ya Kaunti ya Madison, kikakata rufaa. Mwaka 1906 mahakama ya rufaa ya jimbo iliikubali sheria isipokuwa kifungu cha maili 25, ambacho ilikiona hakina busara. Chuo kikaenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 9 Novemba 1908 kikashindwa, majaji saba kwa wawili.

Watu wengi wanadhani hukumu hiyo ilisema kwamba ni halali kuwatenga watu kwa rangi katika shule binafsi. Haikusema hivyo, na jinsi ilivyolikwepa swali ndiyo sehemu yenye funzo zaidi. Jaji Brewer, aliyeandika kwa niaba ya wengi, aliegemea hoja ya usajili. Chuo ni shirika lililosajiliwa. Shirika huzaliwa kwa kibali cha jimbo. Na Kentucky ilikuwa imejiwekea, tangu kabla Berea haijasajiliwa, haki ya kubadilisha masharti ya kibali cha shirika lolote. Ni kama mpangaji ambaye mkataba wake unasema mwenye nyumba anaweza kuongeza masharti: akiambiwa asilaze wageni, hawezi kudai haki aliyokuwa nayo mtu anayelala kwake mwenyewe. Kwa hoja hiyo mahakama ilijizuia kuamua kama jimbo lingeweza kumkataza mtu binafsi, Mzungu au Mweusi, asikae darasani na mwenzake kwa hiari yao wote wawili. Swali hilo likabaki mezani. Majaji Holmes na Moody walikubaliana na matokeo tu, bila kujiunga na hoja zenyewe.

Jaji John Marshall Harlan alipinga. Naye alikuwa mtu wa Kentucky, na ndiye yule yule aliyesimama peke yake mwaka 1896 katika kesi ya Plessy, iliyohalalisha utengano ndani ya mabehewa ya treni. Alisema huwezi kulikata shirika na watu walio ndani yake ukajifanya sheria haiwagusi watu, na akauliza kama chuki ya rangi imeingia kiasi kwamba serikali inayojiita ya watu huru inaweza kuwazuia raia kukutana kwa hiari kwa jambo lisilo na ubaya. Maneno mazito. Lakini binti yako akiyanukuu, asisahau kwamba mwishoni Harlan aliongeza kuwa hayo hayahusu kanuni za shule za umma. Wanaomfanya nabii wa mwaka 1954, utengano wa shule za umma ulipopigwa marufuku, huruka mstari huo.

Jambo dogo linalowachanganya wasomaji wengi: kuna Day wawili. Mbunge Carl Day ndiye mwenye sheria. Jaji William R. Day alikuwa mmoja wa wawili walioipinga hukumu. Hawana uhusiano, na nimeona insha zinazosema “Day aliipinga sheria yake mwenyewe.” Vilevile kuna hukumu mbili zenye majina yanayofanana, ile ya jimbo ya 1906 na ile ya Washington ya 1908. Kifungu cha maili 25 kilianguka katika ile ya kwanza.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo chuo chenyewe kilichelewa kuizungumza, na ambayo mjomba ana haki ya kuinua sauti.

Frost alichukua uongozi mwaka 1892. Aliona kwamba wafadhili wa kaskazini, ambao baada ya vita walichangia elimu ya waliokuwa watumwa, walikuwa wamechoka na habari hiyo. Akawapelekea habari nyingine: Wazungu maskini wa milima ya Appalachia, watu aliowaita mababu zetu wanaoishi katika zama zetu. Fedha zikaja. Wanafunzi Wazungu wa milimani wakaja kwa mamia. Idadi ya Weusi haikuporomoka, lakini kwa kuwa Wazungu walizidi kuongezeka, sehemu ya Weusi ilishuka kutoka karibu nusu hadi chini ya robo katika miaka kumi na ushei. Mabweni na meza za chakula zilianza kuonyesha tofauti. Fee, aliyekuwa mzee na bado yu hai mpaka 1901, hakufurahishwa na mwelekeo huo. Kwa hiyo sheria ya Day ilipofika, ilikikuta chuo ambacho tayari kilikuwa kimeanza kusogea. Sheria ilifunga mlango, ila mlango ulikuwa umerudishwa nusu kutoka ndani.

Baada ya 1904 chuo kilikuwa na njia tatu. Kuhama jimbo, jambo ambalo lingekiua. Kuwabakiza Weusi pale Berea na kuwajengea Wazungu kwingine, kama baadhi ya wahitimu Weusi walivyotaka. Au kuwabakiza Wazungu na kuwajengea Weusi kwingine. Kilichagua hii ya tatu. Kwanza kiliwasaidia wanafunzi wake Weusi kwa nauli na ada ili waendelee katika vyuo vya Weusi, kwa mfano Fisk kule Nashville. Kisha kikachangisha fedha kwa ajili ya shule mpya. Andrew Carnegie aliahidi dola 200,000 kwa sharti kwamba kiasi kama hicho kipatikane kwa wengine. Mmoja wa waliozunguka kuchangisha alikuwa James Bond, mchungaji Mweusi, mhitimu na mdhamini wa Berea, babu yake Julian Bond ambaye miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi vijana wa kudai haki za raia. Shule hiyo, Lincoln Institute, ilifunguliwa mwaka 1912 karibu na Simpsonville, Kaunti ya Shelby.

Je, ilikuwa sawa na Berea? Hapana. Berea ilitoa shahada. Lincoln ilikuwa zaidi shule ya sekondari yenye mafunzo ya ufundi na ualimu. Mtoto Mweusi wa Kentucky aliyetaka shahada ya chuo cha aina ya Berea alipoteza kitu ambacho hakikurudishwa. Na mwaka 1911 wadhamini wa Berea walibadilisha katiba yao kutaja milima ya Appalachia kuwa eneo lake maalumu la huduma. Kumbuka hilo, kwa sababu litarudi.

Hapa niweke tahadhari kuhusu takwimu. Ukisoma kwamba Berea ilikuwa na wanafunzi mia kadhaa mwaka fulani, usidhani wote walikuwa wa chuo kikuu. Berea ya zamani ilikuwa na shule ya msingi, sekondari, mafunzo ya ualimu, ufundi na chuo, zote chini ya paa moja, na waliokuwa ngazi ya shahada walikuwa wachache. Watu wawili wanaweza kutoa asilimia tofauti za Weusi kwa mwaka mmoja na wote wakawa sahihi, kwa sababu mmoja amehesabu watoto wote na mwingine amehesabu wa chuo peke yao. Binti akitaka kutumia idadi, aseme ni ya nani.

Pengo lilifungwaje? Si kwa hukumu ya Brown, ile ambayo Mahakama ya Juu iliupiga marufuku utengano shuleni. Hukumu hiyo ya tarehe 17 Mei 1954 ilihusu shule za umma za watoto, na kabla yake wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walikuwa wameshaanza kuubomoa ukuta kwa juu, kwenye vyuo vikuu na hasa shahada za uzamili na sheria. Sababu ilikuwa ya kimahesabu. Utengano ulihalalishwa kwa kisingizio kwamba huduma ni sawa ingawa zimetengwa, na hakuna jimbo lililoweza kudai kwa uso mkavu kwamba limewajengea Weusi wachache shule ya sheria au ya uhandisi iliyo sawa na ya Wazungu. Kuanzia kesi ya Gaines ya Missouri mwaka 1938 hadi zile za Texas na Oklahoma mwaka 1950, majimbo yalikuwa yakibanwa kwenye hesabu hiyo.

Kentucky ilibanwa na Lyman T. Johnson, mwalimu Mweusi wa Louisville aliyeomba kusoma historia ngazi ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kentucky, akakataliwa, akashtaki. Mwaka 1949 mahakama ya shirikisho iliamua kwa upande wake, na majira ya joto ya mwaka huo wanafunzi Weusi wapatao 30 wakaingia chuo hicho, pale Lexington. Bunge la jimbo likaona sheria ya Day imetoboka. Machi 1950 likairekebisha: vyuo vya juu ya sekondari vingeruhusiwa kupokea Weusi ikiwa bodi zao zinataka, na ikiwa kozi ya ubora huo haipatikani katika chuo cha Weusi cha jimbo pale Frankfort. Soma maneno hayo vizuri. Rekebisho hilo lilitoa ruhusa, halikutoa amri. Chuo kingeweza kukaa kimya.

Wadhamini wa Berea waliitumia ruhusa hiyo mwaka huo huo, chini ya Rais Francis Hutchins. Hii ndiyo 1950 uliyokutana nayo, na ndiyo tarehe ambayo mjomba anapaswa kuiandika badala ya 1954. Mwaka 1954 una nafasi yake: ndio mwaka ambao Jessie Zander alihitimu, Mweusi wa kwanza kupata shahada Berea tangu sheria ya Day, na ndio mwaka ambao hukumu ya Brown iliiua roho ya sheria hiyo kwa shule za umma. Mwili ulikawia kuzikwa. Maneno ya Kifungu cha 187 cha katiba, yale yaliyoamuru shule za Weusi na Wazungu zitengwe, wapiga kura wa Kentucky waliyafuta mwaka 1996.

Lakini walioingia mwaka 1950 walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole, na kwa miaka mingi hawakuongezeka sana. Hapa ndipo ile katiba ya 1911 inaporudi. Chuo kilitenga sehemu kubwa ya nafasi zake kwa vijana wa milima ya Appalachia, na huko milimani Weusi ni wachache. Hakuna aliyehitaji kuandika neno “Weusi” popote. Mpaka wa eneo la udahili ulifanya kazi hiyo wenyewe. Msukumo wa kuongeza idadi, kuajiri walimu Weusi na kufundisha historia yao ulikuja miaka ya 1960, na sehemu kubwa ulitoka kwa wanafunzi. Machi 1965 baadhi ya wanafunzi na walimu wa Berea walisafiri hadi Alabama kujiunga na maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery, na uongozi wa chuo haukulipokea wazo hilo kwa mikono miwili.

Kuna upande mmoja wa enzi hii ambao hata wasomi huupita mbio. Utengano ulipoondoka, mara nyingi waliolipa gharama ni shule za Weusi. Louisville Municipal College, chuo kidogo cha Weusi kilichofunguliwa 1931 chini ya Chuo Kikuu cha Louisville, kilifungwa mwaka 1951 wanafunzi wake walipohamishiwa chuo kikubwa. Kati ya walimu wanne waliokuwa na ajira ya kudumu, alichukuliwa mmoja, Charles H. Parrish Mdogo. Lincoln Institute, iliyoongozwa kwa miongo mitatu na Whitney Young Mkubwa, ilifungwa mwaka 1966. Waliotajwa kuwa wameunganishwa walikuwa wanafunzi. Walimu, wakuu wa shule, kwaya na timu za mpira waliachwa mlangoni. Mjomba yuko Louisville. Amuulize mzee yeyote Mweusi wa mji ule kuhusu Municipal, atapata saa nzima.

Turudi kwenye insha. Sentensi ya “hakijawahi kubagua” iondoke. Badala yake binti aseme mambo haya kwa maneno yake: kwamba chuo kilianza kupokea Weusi na Wazungu pamoja mwaka 1866, kwamba sheria ya jimbo iliwatenganisha mwaka 1904, na chuo kikaipinga mpaka Mahakama ya Juu kikashindwa mwaka 1908, kwamba kabla ya sheria uongozi ulikuwa umeshageukia wanafunzi Wazungu wa milimani, na kwamba Weusi walirudi mwaka 1950. Sentensi nne zinatosha. Insha ya maombi ni fupi, haimtaki awe mwanahistoria. Kinachotakiwa ni aonyeshe kwamba amesoma na hasemi ya kubahatisha. Wasomaji wa maombi pale wanaijua historia yao kuliko sisi; sifa ya uongo hawaipokei kama pongezi. Wala asitumie maelezo haya kama kuwashtaki, kwa kuwa nafasi ya insha ni kueleza yeye ni nani, na historia iingie pale tu inapogusa sababu yake ya kuchagua chuo hicho. Kama sababu yake halisi ni kwamba Berea haitozi karo na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni saa zisizopungua kumi kwa wiki, aseme hivyo. Ni sababu ya heshima kabisa.

Akitaka kuhakiki mwenyewe kabla ya kuandika, aanze na hukumu ya 1908, ambayo imo katika juzuu ya 211 ya taarifa rasmi za Mahakama ya Juu, ukurasa wa 45. Si ndefu. Asome kwanza maelezo ya sheria yenyewe yaliyonukuliwa mwanzoni, kisha hoja ya Brewer, kisha Harlan. Wanaoanza na Harlan hubaki na hasira nzuri lakini hawaelewi kwa nini alishindwa. Anachoweza kukiruka ni mabishano marefu kuhusu kama vifungu vya sheria vinaweza kutenganishwa. Hayo ni ya wanasheria.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na silijibu kwa tarehe. Chuo kilichowahi kuwatoa Weusi kinaweza kuwa mahali pazuri kwa mtoto Mweusi leo, na chuo chenye historia safi kinaweza kumfanya ajihisi mgeni kila siku. Historia itakuonyesha udhaifu wa mahali: hapa udhaifu ulikuwa kufuata mfadhili na kujificha nyuma ya mpaka wa eneo. Kwa hiyo ulizeni ya sasa. Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki ni wangapi mwaka huu? Likizo ya Desemba, mabweni yakipunguza watu, wanakaa wapi? Nani anawasaidia wakipata shida na mwalimu au na polisi wa mji? Mjini pana nini kwa mtu asiye na gari? Vijana wetu wamesoma katika vyuo vidogo vya Marekani tangu enzi za Tom Mboya na ndege ya mwaka 1959 iliyowapeleka wanafunzi huko, tena katikati ya vurugu hizo hizo za rangi. Wangari Maathai alifika mwaka 1960 katika chuo kidogo cha watawa kule Atchison, Kansas, jimbo ambalo kesi ya Brown ilianzia. Walichohitaji wakati ule ni mtu wa kumuuliza kabla ya kufika na mtu wa kumkimbilia baada ya kufika.

Mtu huyo asiwe mimi peke yangu. Kwa masuala ya maombi, fedha na viza, nendeni kwa washauri wa EducationUSA walioko kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam au Nairobi. Mwende na barua zote alizopokea, na msimlipe wakala yeyote anayeahidi nafasi Berea, kwa sababu chuo kisichotoza karo hakina nafasi za kuuza. Kwa swali la kihistoria ambalo hukumu haijibu, kwa mfano kama mtu fulani alisoma pale kabla ya 1904, waandikieni wahifadhi wa nyaraka wa Maktaba ya Hutchins pale Berea, mkitaja jina, mwaka na idara, kwa sababu bila idara hawawezi kujua wafungue daftari la shule ya msingi au la chuo. Na mjomba akipata Jumamosi ya nafasi, Simpsonville iko mashariki mwa Louisville, mwendo wa gari usiofika saa moja, na Camp Nelson, ambayo leo ni eneo la kumbukumbu la taifa, iko kusini mwa Lexington. Ampigie binti picha za vibao, vina tarehe.